Kabla ya kunipa A, chomoa waya

Kwenye transkripti yangu kuna A ya projekti ya mwaka wa nne ambayo, kwa maoni yangu, sikuistahili. Sikukopi, sikumlipa mtu aniandikie, sikuhonga. Mashine niliyoitetea mbele ya jopo iliwaka, ikafungua ukurasa, ikaonyesha masomo na maswali ya majaribio. Jopo likauliza maswali matano, Dokta mmoja akapiga picha kwa simu yake, tukapeana mikono. Wiki tatu baadaye mashine ileile, au niseme pacha wake, iliwekwa mezani katika shule moja ya sekondari ya kata mkoani Lindi. Ikawaka vizuri tu, taa ya kijani ikapepesa, na haikuonyesha kitu.

Naandika haya kwa sababu wadogo zangu wa mwaka wa nne wanaanza projekti zao muhula huu na nimepita ubaoni nikasoma mapendekezo. Seva ya zahanati. Mfumo wa chama cha ushirika. Maktaba ya kidijitali ya shule. Karibu kila pendekezo lina neno "vijijini" kwenye kichwa cha habari, na karibu kila mchoro una mshale mmoja mdogo unaotoka kwenye mashine kwenda kwenye kawingu. Mimi nina ugomvi na ule mshale.

Kwa msomaji wa sheria au ualimu ambaye kwa bahati amefungua ukurasa huu, nieleze haraka. Zamani kidogo, kuweka programu kwenye seva ilikuwa kama kuhamia chumba cha kupanga: unafika unakuta hiki hakipo, kile kimepitwa na wakati, na kingine ni kipya mno hakiendani na vyako. Kontena zikaja kama jibu. Unaifunga programu pamoja na kila inachokitegemea katika mfuko mmoja, na mfuko huo unafanya kazi vilevile popote unapoufungua. Mfuko ukiwa umelala kwenye diski tunauita imeji; ukiwashwa ndiyo kontena. Docker, iliyotambulishwa hadharani mwaka 2013, ndiyo iliyolifanya jambo hili liwe la kila mtu, hata la mwanachuo mwenye laptopu ya mtumba. Imeji zinakaa kwenye maghala ya mtandaoni. Ukiiambia mashine iwashe programu ambayo imeji yake haipo, haikugombezi. Inakwenda yenyewe ghalani, inaivuta, inaiwasha. Intaneti ikiwa nzuri hutajua hata kama kuna kitu kimevutwa.

Huo ukarimu ndio uliotuponza.

Mimi na mwenzangu tulitengeneza seva ndogo ya shule kwa kutumia Raspberry Pi 4, kompyuta inayoenea kiganjani. Hatukutaka mfumo endeshi wa kawaida uliojaa vitu visivyotuhusu, kwa hiyo tukajenga wa kwetu kwa Yocto, mradi ulio chini ya Linux Foundation unaokuwezesha kupika Linux yako kipande kwa kipande kuanzia kwenye msimbo. Ujenzi wa kwanza ulichukua usiku kucha kwenye mashine ya maabara, feni zinanguruma kama jenereta ya ukumbi wa harusi. Asubuhi tukapata faili moja. Ukiliandika kwenye memori kadi, Pi inawaka na Linux ambayo sisi wenyewe tumeipika. Tulijivuna mno, sitaki kudanganya. Ndani tuliweka injini ya Docker, pamoja na faili la maelekezo linalosema: washa hifadhidata ya PostgreSQL, washa Nginx, washa programu yetu ya Python. Kontena tatu, kazi imekwisha.

Umeona kilichokosekana? Sisi hatukuona, na jopo halikuona. Tulipika mfumo mzima, tukaweka injini, tukaweka maelekezo, imeji zenyewe hatukuziweka. Kadi tuliyotetea nayo tulikuwa tumeichezea mwezi mzima maabarani, na siku ya kwanza ilipowashwa ilivuta imeji zote tatu kimyakimya kupitia mtandao wa chuo. Tangu hapo ilikuwa nazo tumboni. Kadi ya shule ilikuwa mpya. Tuliiandika usiku wa kuamkia safari, tukaitia kwenye bahasha, tukalala. Hatukuiwasha. Kwa nini tuiwashe? Faili si lilelile?

Tulipanda basi Mbagala alfajiri, tukamalizia na bodaboda, boksi nimelipakata kama mtoto. Mkuu wa shule alikuwa ameita bodi na wazazi kadhaa, na kidato cha tatu wamepangwa kwenye madawati wakiwa na sare zilizopigwa pasi. "Shikamoo Mkuu." "Marahaba wanangu, karibuni, tumewasubiri kweli." Kwenye kona ya ofisi lilikuwepo kabati la chuma lenye matundu ya hewa na kufuli jipya. Wazazi ndio waliochangia pesa ya kabati hilo, maana tuliwaambia mashine lazima ifungiwe. Mwalimu wa fizikia, ambaye tangu Januari alikuwa akitupigia kila wiki kuuliza lini, alikuwa ameshaandika jina la mtandao wa Pi ubaoni kwa chaki.

Simu zikaunganishwa. Ukurasa haukufunguka. Mwenzangu akachomeka laptopu, akasoma kumbukumbu za mfumo, kisha akanitazama kwa namna ambayo sijaisahau. Injini ilikuwa inajaribu kufika ghalani, inashindwa, inapumzika, inajaribu tena. Ingeendelea hivyo hadi leo.

Pale shuleni mtandao hakuna. Mtandao uko chini ya mkorosho mmoja juu ya kilima, wanakoenda watu kupiga simu, na njia yake imechimbika kwa nyayo. Tukabeba Pi, betri na simu tukapanda. Imeji zetu tatu zilikuwa kama megabaiti 700 za kuvuta, na zikishafunguka kwenye kadi zinakaribia gigabaiti 2. Piga hesabu mwenyewe: kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, megabaiti 700 ni zaidi ya saa moja na nusu, tena kama mtandao hautetereki. Ulitetereka. Tabaka kubwa kuliko yote likafika katikati, mtandao ukakatika, likaanza upya. Likafika tena karibu na mwisho, bando langu likaisha. Mwenzangu akajiunga kwa simu yake. Likaanza upya. Tulipoteremka ilikuwa karibu na saa tisa, wazazi wengi wameshaondoka, ulikuwa msimu wa korosho na kila mtu ana kazi yake. Mzee mmoja wa bodi alitusubiri ili atuage. Akasema, "Basi wajukuu zangu, ikiwa tayari mtatuita." Hakuwa na hasira hata kidogo. Afadhali angegomba.

Kabati lilibaki pale na kufuli lake, ndani hamna kitu.

Najua mtakachosema. Kosa ni lenu, mlitakiwa kuijaribu ile kadi. Ni kweli, na nimeshakiri. Lakini nimekaa na jambo hili mwaka mzima (sasa niko uzamili, hosteli zilezile, foleni ya maji ileile) na nimeona kwamba kuliita uzembe wa watu wawili ni kuliacha lilivyo. Katika miaka minne hakuna mtu aliyewahi kuniuliza: mashine yako ikiwashwa kwa mara ya kwanza mahali pasipo na intaneti, itafanya nini? Halikuwa swali la mtihani wala la jopo. Mafunzo tunayosoma yameandikwa na watu ambao kwao mtandao ni kama hewa chumbani, hauhesabiki kuwa kitu. Tunayanakili hivyohivyo, halafu tunaongeza neno "vijijini" juu.

Na wala si vijijini tu. Mnakumbuka Mei 12, 2024? Mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, iliharibika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa moja ya nchi zilizoumia zaidi. Mjini hapahapa, watu na simu zao nzuri, kurasa zinazunguka tu. Siku zile ungejaribu kuwasha mfumo wowote unaotegemea kuvuta imeji kutoka ng'ambo, ungeelewa ninachosema bila kupanda kilima.

Au twende karibu zaidi, maabarani. Muhula uliopita nilisaidia kusimamia zoezi la mwaka wa pili. Wanafunzi 40, kila mmoja anatakiwa avute imeji 4. Maghala ya umma yana vikomo, na hilo si siri: Docker Hub, kwa mfano, Novemba 2020 liliweka kikomo cha kuvuta mara 100 kwa kila saa 6 kwa watu wasio na akaunti, na hesabu inakwenda kwa anwani ya IP. Sasa maabara nzima ikitoka nje inaonekana kama anwani moja. Arobaini mara nne ni 160. Wale wa mwanzo walimaliza, waliobaki wakaanza kupata ujumbe kwamba maombi yamezidi, na mimi nimesimama mbele nikiwa na chaki, sijui niseme nini. Ghala halikuwa na kosa, lina haki ya kulinda milango yake. Kosa lilikuwa ni kupanga zoezi ambalo watu 40 wanakwenda kuchota ndoo ileile ya maji kisima kilekile ng'ambo ya bahari.

Aliyetuokoa ni fundi sanifu wa maabara, mzee ambaye wote tunamwita Babu. Alikuja na diski ya nje mfukoni. Kwenye mashine moja iliyokuwa imefanikiwa akaandika `docker save`, ikatoa faili moja kwa imeji zote nne. Akapita meza kwa meza na `docker load`. Waliobaki wakaanza zoezi kabla ya kipindi kuisha. Babu hana shahada. Nilipomuuliza amejulia wapi akaniambia kwamba miaka ya mwanzo kazi yake ilikuwa kusambaza programu kwa CD, na kwake hiki ni kitu kilekile.

Jibu, basi, limekuwepo muda wote na si gumu kulielewa: imeji ziingie kwenye mfumo endeshi wakati wa kuujenga, si wakati wa kuuwasha. Ugumu uko kwenye utekelezaji, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wapo wanaosema hii ni kazi ya fundi tu na haina uhandisi ndani yake.

Njia ya kwanza ni ya Babu, iliyohamishiwa kwenye ujenzi. Unatoa imeji kuwa faili la tar, unaliweka ndani ya mfumo endeshi, halafu unaandika huduma ndogo ya systemd inayofanya kazi mara moja tu, mashine inapowaka kwa mara ya kwanza: pakia faili, weka alama kwamba umepakia, lifute. Ni rahisi na inaeleweka. Bei yake ni nafasi na muda. Kwa dakika kadhaa kadi inabeba imeji mara mbili, ile ya kwenye tar na ile iliyofunguliwa, na memori kadi za bei ya kwetu zinaandika polepole. Na umeme ukikatika katikati? Ndiyo maana alama inawekwa baada ya kupakia na si kabla. Sisi toleo letu la kwanza tuliiweka kabla. Tulichomoa umeme makusudi mara tatu na mara zote tatu mashine iliamini imeshamaliza kazi.

Njia ya pili ni kuijaza kabisa ile saraka ambamo Docker huhifadhi vitu vyake, `/var/lib/docker`, ili mashine ikiwaka ikute kila kitu kimeshafunguliwa. Inavutia, inawaka haraka, lakini ndiyo iliyonikosesha usingizi. Unahitaji injini ya Docker iwe inafanya kazi wakati wa ujenzi, ikielekezwa kwenye saraka ya pembeni, wakati ujenzi wa Yocto unaendeshwa na mtumiaji wa kawaida asiye na mamlaka yote. Ukishaijaza saraka huwezi kuinakili kama unavyonakili muziki. Umiliki wa faili lazima ubaki vilevile, na kuna faili maalumu ambazo matabaka hutumia kusema "kitu hiki kimefutwa". Ukizipoteza, vilivyofutwa vinafufuka. Na aina ya hifadhi iliyotumika kwenye ujenzi lazima iwe ileile itakayotumika kwenye kifaa. Kama huna sababu kubwa, usianzie hapa. Kuna balenaOS, ambayo nayo imejengwa kwa Yocto na ina zana yake ya kuingiza programu kwenye faili la mfumo kabla ya kuliandika kwenye kadi. Kwa mradi wa muhula mmoja inaweza kukutosha bila kuteseka. Anayetumia k3s ana raha zaidi: unaliweka faili la tar kwenye saraka ya imeji ya k3s na yenyewe inalipakia inapowaka. Podman nayo inakubali ghala la ziada la kusoma tu, na hilo linafaa sana kama umeamua sehemu ya mfumo isiandikwe kabisa.

Mambo madogo ndiyo yanayoua, kwa hiyo niyataje yaliyonikuta. Laptopu yangu ni ya Intel na Pi ni ARM. Ukivuta imeji bila kutaja aina ya kichakato utapata ya mashine uliyokaa mbele yake, utaipakia vizuri, itakataa kuwaka, na ujumbe wa kosa hautakusaidia sana. Zana ya skopeo inakuwezesha kutaja kichakato unachokitaka na kunakili imeji moja kwa moja kuwa faili, bila hata injini ya Docker kuwepo, kwa hiyo inaingia vizuri kwenye ujenzi. Jambo jingine ni lebo ya `latest`. Mfumo uliojengwa Machi na mfumo uliojengwa Juni, maelekezo yaleyale, yaliyomo tofauti. Tumia namba ya toleo, au bora zaidi alama ya sha256, ambayo haibadiliki. Ila angalia: kwenye toleo la Docker tulilotumia, imeji ikipitia save na load inaisahau ile alama, na kama faili lako la maelekezo linaitaja, injini itasema haina imeji hiyo na kukimbilia ghalani. Tulitumia alama kwenye ujenzi na lebo ya toleo kwenye kifaa. Halafu kuna saa. Pi 4 haina saa yenye betri. Bila mtandao haijui leo ni lini, na majaribio ya wanafunzi yanaandikwa tarehe za ajabu. Kimoduli cha saa kinauzwa Kariakoo, nunua.

La mwisho kwenye orodha hii isiyo na mpangilio ni nywila. Usiiweke ndani ya imeji. Kadi ikinakiliwa kwa shule kumi, shule kumi zina nywila moja, na mtoto mmoja mdadisi wa kidato cha nne anatosha kuzifungua zote. Mashine ijitungie nywila inapowaka mara ya kwanza.

Sasa nigeukie pingamizi lenye uzito, maana lipo. Msimamizi wangu wa sasa aliniambia: "Ukiigandisha imeji ndani ya mfumo, umeigandisha na matobo yake. Kesho likigunduliwa tobo kwenye hifadhidata, mashine inayovuta kutoka ghalani itapata toleo jipya. Yako itabaki nalo." Dokta ana haki. Sina ujanja wa kulikwepa hili. Mashine iliyofungiwa kabatini miaka mitatu bila kuguswa ni hatari, hasa siku ambayo mtu ataiunganisha na intaneti kwa mara ya kwanza.

Lakini tuangalie ile mashine inayovuta. Kwanza, kuvuta wakati wa kuwaka hakuleti usasisho kwa kawaida. Imeji ikishakuwepo na lebo yake ni ileile, Docker inaiwasha iliyopo na kuendelea na maisha. Usasisho ni kazi inayotakiwa kupangwa kwa vyovyote vile. Pili, pale chini ya mkorosho mashine inayovuta haina toleo jipya wala la zamani. Haina kitu. Kwa hiyo ninachopendekeza ni kuanza na imeji zilizomo, kisha kupanga njia ya kuzibadilisha: mwalimu anachomeka flashi, mfumo unakagua saini, unapakia imeji mpya, na ile ya zamani inabaki hadi mpya ithibitike kuwaka. Hapo unahitaji mtu wa kuandaa flashi kila muhula, na mtu huyo projekti za mwaka wa nne hazina, kwa sababu mwezi wa saba amehitimu. Hili sijui tulitatueje bila idara kukubali kwamba projekti inaweza kurithiwa.

Pingamizi la pili ni la ukubwa. Faili la mfumo linavimba. Letu lilitoka megabaiti mia kadhaa likapita gigabaiti 2. Sawa, livimbe. Kwanza linakulazimisha uone ulichobeba. Tulipoona ukubwa ule ndipo tulipokumbuka kwamba programu yetu ya Python tuliijenga juu ya imeji kamili yenye zana za kukusanya msimbo ambazo hakuna mwanafunzi wa Lindi atakayezitumia. Tukahamia ile nyembamba, tukapunguza mamia ya megabaiti kwa kubadilisha mstari mmoja. Zilipokuwa zinavutwa na mtandao wa chuo, bure, hakuna aliyewahi kuuliza.

Wapo pia wanaosema tusubiri, mtandao utafika kila kijiji. Labda. Mwalimu wa fizikia ana wanafunzi wa mwaka huu.

Kwa hiyo nina maombi mawili, na yote yanawezekana bila bajeti ya kutisha.

La kwanza ni kwa idara. Siku ya kutetea projekti, yeyote ambaye kichwa chake kina neno "vijijini", "zahanati", "shule" au "nje ya mtandao", apewe memori kadi tupu na jopo. Aandike mfumo wake palepale, mbele ya watu. Kisha mjumbe mmoja wa jopo achomoe waya wa mtandao na kuzima Wi-Fi, na mashine iwashwe. Ikiwaka na kufanya kazi, endeleeni na maswali. Isipowaka, hajafeli, arudi baada ya wiki mbili. Najua baadhi yenu mtanichukia kwa hili, tayari supu zinatosha. Lakini mimi ningeambiwa nirudi baada ya wiki mbili, nisingepanda kile kilima.

La pili ni kwa serikali ya wanafunzi, wizara ile inayoshughulikia taaluma. Tunaomba ghala la imeji la ndani ya chuo. Programu ya ghala ni huria, yenyewe ni kontena moja tu, na inaweza kusanidiwa ikavuta imeji mara moja kutoka nje na kuwagawia wote waliobaki kutoka hapa. Inahitaji mashine moja ya kawaida yenye diski ya kutosha, na mashine za kawaida zilizolala stoo ya maabara Babu anazijua kwa idadi. Wanafunzi 40 wakivuta megabaiti 700 kila mmoja ni gigabaiti 28 zinazopita kwenye mtandao wa chuo kwa kipindi kimoja. Kwa ghala la ndani zinazotoka nje ni 700 zilezile mara moja. Na wale wanaomalizia zoezi hosteli kwa bando lao, lililonunuliwa kwa boom ambalo linachelewa kila muhula, watakuja na flashi kwa Babu badala ya kujinyima chakula cha jioni.

Mimi na mwenzangu tulijenga upya. Yeye sasa ana kazi Dodoma, anafanya usiku. Toleo tulilonalo linawaka kwenye kadi tupu bila waya wowote kwa dakika sita, saba kama kadi ni mbovu. Nimelijaribu kwenye kadi nne tofauti, umeme nikiukata makusudi katikati. Mwezi uliopita nilimpigia Mkuu. Aliuliza kitu kimoja tu, kama safari hii tumeiwasha kabla ya kuja. Nikamjibu ndiyo, Mkuu. Akasema kabati bado lipo, wameweka chaki humo kwa sasa, watazitoa.